Kifungo cha Tano cha Koti la Babu

Siku jina lake lilipotangazwa, kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Mimi ndiye mwandishi wa chama chetu cha kuzikana hapa Kyebando, Kampala, kwa hiyo ni mimi niliyelazimika kuandika kwenye daftari kwamba mwaka huu koti la babu yangu litavaliwa na mwanamke mwingine. Niliandika kwa mwandiko mzuri, kisha nikapiga mstari chini ya jina lake, nikaukandamiza mpaka karatasi ikachanika. Mweka hazina, mama wa Kiganda anayekaa karibu nami vikaoni, aliuona mstari ule akadhani nimefurahi.

Sikufurahi hata kidogo. Niliona wivu, na sitauita jina lingine la kupendeza. Ulikuwa wivu wa kukufanya urudi nyumbani, uvue viatu, ukae kitandani na kusahau kwamba umeweka chai jikoni.

Habari ya koti ni hii. Babu alizaliwa katika ukoo wa askari wa Kisudani walioletwa huku na Waingereza, na vita vikuu vya pili vilipotokea naye akaandikwa jeshini, akapelekwa Burma. Alirudi na homa isiyokwisha, koti zito la sufu lenye vifungo vinane vya shaba, na tabia ambazo bibi alizichoka mapema. Hakugusa chakula kabla hajaona kila mtu ndani ya nyumba ana sahani mbele yake. Hakutaka kusikia mtu akilalamikia kazi ambayo bado hajaimaliza. Sebuleni tulikuwa na picha yake ya studio, amesimama wima ndani ya koti hilo, na mkononi ana tepe mbili za koplo. Koti lenyewe halikuwa na tepe. Kwenye mkono wa kushoto palibaki alama mbili za sufu iliyokoza rangi kuliko nyingine, na matundu ya sindano. Tukimuuliza alisema zilioza kwa unyevu wa melini. Sisi tulijua bibi alizifumua akatilia kitu kiraka, na tulimtania hivyo mpaka akafa.

Babu aliishi miaka mingi sana. Karibu na mwisho aliwaita wenzake wa chama, akiwemo sajini mstaafu wa polisi ambaye sasa ndiye mwenyekiti wetu, akawakabidhi lile koti. Nilikuwa pale, nimeshika trei ya chai. Nilisubiri aniite, hata trei niliiweka chini ili mikono yangu iwe mitupu.

"Hii koti si ya mtoto yangu," alisema. "Mupatie mutu ya kazi. Avae mwaka moja, halafu mupatie mwingine." Kisha akaomba sukari.

Tangu hapo, kila Novemba, chama humchagua mtu mmoja ambaye utumishi wake unatukumbusha wazee wale waliotoka vitani. Anavalishwa koti mbele ya watu, anakaa nalo nyumbani mwaka mzima, na kila msiba unapotokea yeye ndiye kiongozi wetu. Siku ya kuvalishwa hakai kwenye kiti cha heshima. Anashika upawa, anapakulia watu wote, na yeye anakula mwisho, kama babu. Kabla ya hapo sajini anamkagua kama askari wa gwaride na kuhesabu vifungo kwa sauti. Kifungo kikikosekana, anayelivaa koti anapewa adhabu palepale. Haijawahi kutokea, kwa sababu wiki moja kabla ya siku hiyo koti hurudishwa kwangu nilisafishe.

Ninalijua koti lile kuliko ninavyoijua sura yangu. Nalianika kivulini, nalipiga brashi, vifungo navisugua kwa majivu na limau mpaka ving'ae. Nikishamaliza huwa nafunga mlango na kulivaa mbele ya kioo. Linanikaa vizuri sana. Wanaume saba walikuwa wamelivaa kabla ya mwaka huo, na mara saba nilipiga makofi nikitabasamu huku nikimezea mate kitu kilichotoka ndani ya nyumba yetu.

Nilikuwa na haki ya kutumaini. Nimeandika barua zote za chama kwa miaka kumi na minane. Nilifanya kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja kule Nakasero mpaka nikastaafu, kwa hiyo najua barua inavyotakiwa kuwa. Nimekulia kambi ya polisi Naguru, baba akiwa askari, na Kiswahili changu kimenyooka. Kampala ukinyoosha Kiswahili watu hukuuliza unafanya kazi kituo gani cha polisi. Wageni wakija, ni mimi ninayesimama na kuhutubia. Mweka hazina mwenyewe aliniambia, "Nnyabo, mwaka hii koti ni yako. Rakini wanaume wamevaa sana, sasa wapumzike." Nikaenda kununua kilemba cha rangi ya kahawia cha kulingana nalo.

Aliyechaguliwa tulimwita Mama Kongo. Alifika kwetu miaka mingi iliyopita kutoka mashariki ya Kongo akiwa na mabinti watatu na vifurushi viwili, na sisi ndio tuliompa chumba cha nyuma. Anauza nyanya na bilinganya soko la Nakasero. Nilipokuwa bado kazini nilikuwa nampita asubuhi, ameinama anafuta nyanya moja moja kwa kitambaa, naye alinisalimia kwa mikono miwili kama vile mimi ni mtu mkubwa. Wakati ule nilimpenda.

Miguu ya babu ilipoisha nguvu, ni yeye aliyekuwa akimwogesha kila alasiri akirudi sokoni. Hatukumwomba. Alikuja siku moja na ndoo ya maji ya moto, na kesho yake akaja tena. Walizungumza kwa saa nzima, babu na Kiswahili chake cha kambini, yeye na kile cha kwao Kongo, wakicheka mpaka babu anakohoa. Nilipoingia mimi babu alinyamaza. Siku moja nilimuuliza kwa nini hanisimulii mambo ya vitani kama anavyomsimulia yule. "Wewe unaongea kama redio," alisema. "Redio mimi nasikiza tu." Roho iliniuma, na inaniuma hata leo ninapoandika.

Halafu ikaja ile mvua ya mtaro. Takataka ziliziba mtaro wa chini ya kituo cha biashara na maji yakaanza kuingia majumbani. Nilichukua simu nikapiga ofisi nne, nikaandika jina la kila aliyepokea. Mama Kongo alivaa gambuti, akachukua jembe, akaingia majini mpaka kifuani. Alivuta godoro bovu, akavuta bati, akavuta gunia, akiita kila nyumba na kutaja nani mgonjwa ndani yake na nani hawezi kutembea, na watu wakamfuata. Nilipoteremka na orodha yangu maji yalikuwa yameshapungua. Jirani aliyesimama karibu nami alinitazama mimi, akatazama karatasi, akaangalia pembeni.

Na kuna sufuria. Chama kina sufuria kubwa saba za kupikia msibani, kila moja mtoto anaweza kulala ndani. Msiba ukiisha watu wote wanakumbuka shughuli zao. Mama Kongo hubaki nyuma kuzisugua. Miaka yote hiyo nilijiambia kwamba kusugua sufuria si uongozi.

Baada ya kikao sajini alinifuata. "Mama mwandishi, utaandika maneno ya kumusifu, halafu utasoma. Wewe ndio iko na Kiswahili mzuri."

Nikajikaza kisabuni, nikasema sawa.

Niliandika usiku huo na kesho yake. Hotuba ya kwanza ilimwita mchapakazi, mtiifu na msafi, ikawa kama barua ya kumtafutia mtu kazi ya ndani. Niliichana. Ya pili ilikuwa nzuri, na kwa sababu ilikuwa nzuri ilinikasirisha zaidi. Kila sentensi niliyoandika juu yake ilikuwa kweli, na hakuna hata moja ambayo ningeweza kuchukua jina lake nikaweka langu.

Jumamosi, siku moja kabla ya sherehe, nilikuwa nimemaliza kung'arisha vifungo. Mabinti zangu walikuwa wametoka. Nikafunga mlango nikalivaa koti, nikajitazama, na nilipolivua nikachukua mkasi nikakata kifungo cha tano, kile cha juu katika safu ya pili. Nilichagua hicho kwa sababu kilishonwa kwa uzi wa kijani, vingine vyote kwa uzi wa kahawia, nikajidai kwamba hakikuwa imara. Nilijiambia nataka ukumbusho wa babu tu, kitu kidogo cha kubaki nacho mimi niliye damu yake. Ukumbusho ningeweza kuuomba. Nilitaka sajini ahesabu, afike pale, na watu wote waone kwamba koti limekataa.

Sherehe ilifanyika nyumbani kwa sajini. Palikuwa na turubai, viti vya plastiki na pilau iliyonukia mpaka barabarani. Wakristo walikuja wakitoka kanisani, sisi Waislamu tulikuja baada ya adhuhuri. Nilisoma hotuba, na watu wawili walifuta machozi. Kisha nikamvalisha koti mwenyewe, maana hiyo pia ni kazi ya mwandishi. Lilimfika karibu na vifundo vya miguu. Mikono ilimeza vidole vyake. Halikumkaa kabisa, na nilifurahi.

Sajini alisimama mbele yake na fimbo yake fupi kwapani, akaanza kugusa kwa kidole.

"Moja. Mbili. Tatu. Ine."

Kidole kikabaki hewani.

"Tano iko wapi?"

Mama Kongo aliinamisha kichwa, akatazama mahali pale, akagusa vipande vya uzi wa kijani vilivyobaki. Aliinua macho akanitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu.

"Ni miye, afande," alisema. "Nilikuya kuijaribu jana kwa mama mwandishi. Pengine ilianguka mu njia. Munisamehe."

Hakuja kwangu jana yake. Jana yake hapakuwa na mtu nyumbani isipokuwa mimi na koti na mkasi.

"Kwa askari hakuna pengine," sajini alisema. "Sufuria zote saba. Peke yako."

Mama Kongo alipiga saluti, mkono wa koti ukampiga usoni, na watu wote wakaangua kicheko, kwa sababu sufuria zile alikuwa akiziosha siku zote na adhabu yenyewe haikuwa adhabu. Niliyetaka aaibike alipendwa zaidi. Mimi nilicheka pia, kwa meno tu.

Alitupakulia sote. Alipofika kwangu alinitafutia nyama yenye mfupa, maana anajua ndiyo ninayoipenda. Niliisukuma pembeni mwa sahani. Pilau ilimalizika kabla hajajipakulia, akakwangua ukoko chini ya sufuria akaula amesimama.

Kisha akaenda nyuma ya nyumba na kuanza kazi. Nilikaa kidogo nikisikia sufuria zikigongana. Kifungo nilikuwa nimekifunga kwenye ncha ya leso yangu, na nilikuwa nakipapasa tangu asubuhi. Nikanyanyuka nikamfuata.

Alikuwa amelitundika koti kwenye msumari mbali na maji, anasugua kwa majivu na majani makavu ya mgomba.

"Jana hukuja kwangu," nilimwambia.

"Sikukuya."

"Mbona umesema ulikuja?"

Aliendelea kusugua. "Ile kifungo nilishona miye," alisema. "Babu yako alikuwa analala na koti wakati ya homa, ikakatika. Sikukuwa na huzi ingine, nikatia ya kijani. Nilishona nguvu. Ile haiwezi kuanguka."

"Basi ulijua."

"Nilijua."

"Kwa nini hukunitaja?"

Hapo ndipo alipoacha sufuria. Alikwenda kwenye msumari akashika mkono wa kushoto wa koti, pale penye zile alama mbili. Aliniuliza kama najua tepe zilikwenda wapi. Nikamwambia zilioza melini, au bibi alizitilia kiraka. Akacheka kidogo, si kwa dharau. Akanieleza kwamba kule vitani askari mmoja wa kikosi cha babu, kijana wa kwao kabisa, alikula chakula cha akiba ambacho hakikuruhusiwa kuguswa. Ofisa aliwapanga mstari akauliza ni nani. Babu ndiye aliyekuwa koplo wao, akatoka mbele akasema ni yeye. Walizikata tepe kwa kisu mbele ya wenzake, koti likiwa mwilini. Yule kijana alirudi nyumbani salama, na babu hakumtaja jina mpaka anakufa.

"Alisema ule kijana alilia sana," Mama Kongo alisema. "Alisema kama angemutaja, hangekuwa mutu tena."

Nilikuwa nimechuchumaa penye majivu na kilemba changu kipya. Hadithi ilikuwa ya nyumbani kwetu, picha ilikuwa ukutani kwetu, nami nilikuwa naisikia kutoka kwa mtu tuliyempa chumba cha nyuma. Hata wakati ule, nikiwa na kosa langu limefungwa kwenye leso, nilichohisi kwanza kilikuwa wivu.

"Miaka yote hii," nilisema. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza," alisema. "Kila mara ulikuwa unaandika."

Akarudi kwenye sufuria. Hakunisihi chochote, hakuniambia niende nikakiri, na ningeweza kabisa kukitupa kifungo kile kwenye majivu na jambo likaishia hapo. Nilifungua leso nikakitazama. Kisha nikarudi mbele.

Watu walikuwa wanakunywa chai. Nimesimama mbele yao mara nyingi, lakini kila mara nikiwa na karatasi. "Kifungo hakikuanguka," nilisema. "Hakuja kwangu jana. Nilikikata mimi, kwa mkasi." Nikakiinua wakione.

Mweka hazina alishangaa, "Banange," kwa sauti ndogo. Sajini alikitazama kifungo, akanitazama mimi.

"Sababu gani?"

Nilikuwa na lile neno la ukumbusho tayari mdomoni. Lingepita vizuri, hata wengine wangenihurumia.

"Wivu, afande," nilisema.

Aliweka kikombe chini. "Sufuria zote saba," alisema. "Peke yako."

Niliona nafuu, kama mtu aliyepewa barua yenye jina lake mwenyewe. Nilishaanza kukunja mikono ya gauni. Lakini Mama Kongo alikuwa ametokeza pembeni ya nyumba, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Afande, ile amri ulishatoa," alisema. "Sufuria ni zangu. Tatu nimeshaosha."

"Amri imebadilika," nilimwambia. "Umesikia."

"Miye sikusikia."

Tulibishana pale mbele ya wageni, wanawake wawili wazima tukigombania sufuria chafu, na donge likanipanda upya kwa sababu hata adhabu yangu hakutaka kuniachia. Sajini alituacha tuchoke. Kisha akasema tuoshe wote wawili, na kifungo kishonwe kabla ya jua kuzama, koti likiwa mwilini mwake.

Tuliosha nne zilizobaki bila kusema mengi. Mgongo uliniuma kuanzia sufuria ya pili, na yeye hakusema kwamba mtu huzoea. Tulipomaliza alinawa, akavaa koti, akasimama wima. Uzi wa kijani haukupatikana katika nyumba ile, wala wa kahawia. Mke wa sajini alikuwa na mweupe tu. Nilishona nikipitisha sindano mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na mwisho ilibidi niinamishe kichwa kifuani kwake ili nikate uzi kwa meno. Alinuka majivu na nyanya. Aliweka mkono mgongoni kwangu, ule mkono wa koti wenye alama mbili, na sikumwambia autoe.

Watu wawili wengine wamelivaa koti tangu wakati huo. Mimi bado sijalivaa, na nadhani sitalivaa. Sijapona wivu, na Novemba ikikaribia huwa nakosa usingizi kidogo. Koti linaletwa kwangu kama kawaida, nalipiga brashi, navisugua vifungo. Kabati langu lina uzi wa kahawia wa kutosha kushonea koti zima, na hakuna aliyenikataza kuutoa ule mweupe. Sijautoa.

Siku ya ukaguzi sajini huhesabu kwa sauti, na mimi husimama nyuma ya mwenye koti na karatasi yangu. Akifika kwenye ule uzi mweupe kidole chake husimama, naye huinua macho kupita bega la aliyevaa na kunitafuta mpaka anipate.

"Tano iko," husema, kisha huendelea na sita.